Radhi Iliyotangulia Nairobi

Bondeni, Mombasa
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Ruweida,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, ila joto latupika bila moto. Barua hii nimeikunja ndani ya karatasi ya khaki na kuilaza chini ya visheti ili isishike mafuta. Mkebe nimempa Abdulghafur wa ofisi ya basi, naye kaniapia hautafunguliwa njiani, maana safari ile ya kwanza ulifika umepungua.

Najua utasema, mama, si upige simu. Simu naipenda, lakini kuta za nyumba hii wazijua. Nikisema "Ruweida" chumbani mwangu, Bi Sidi wa chumba cha pili huitikia. Na tena mwandiko wangu ni mzuri. Mwalimu wa darasa la sita alisema hivyo mbele ya darasa zima, na sioni kwa nini ukae bure.

Jana kibandani kwangu, pale ufukweni Mama Ngina, watu walifurika. Kila aliyenunua muhogo wangu aliondoka na habari zako. Niliwaambia mwanangu yuko Nairobi, chuo kikuu, ana kompyuta kubwa kama nyumba na yeye ndiye aiamuru. Mzee mmoja akauliza, "Yuaiamuru ifanye nini?" Nikamwongeza pilipili, akanyamaza.

Lakini Bi Sidi hanyamazi kwa pilipili. Alikuja kibandani na binti yake Caroline, akasema mbele ya wateja, "Mwanarusi, mwaka wa pili huu watwambia kompyuta, kompyuta. Hiyo kompyuta yapika nini?" Basi niandikie vizuri, kwa maneno ambayo mtu wa darasa la sita aweza kuyarudia bila kukwama.

Na jambo jingine. Sauti yako juzi ilikuwa nyembamba. Kuna nini?

Mama yako akupendaye,
Mwanarusi


Nairobi
Jumatano, 12 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Kwanza nakuomba uwaambie watu kwamba kompyuta si yangu. Ni mashine mia moja na ishirini katika chumba kimoja cha baridi, zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, na tunazitumia watu sitini. Mwenye amri ni msimamizi, Bwana Jared Ngowa. Mimi ni mmoja wa watu sita wa kikundi cha mafuriko. Tunaingiza habari za mvua na za kujaa kwa bahari, kisha tunaiuliza mashine ni mitaa ipi ya kisiwani itakayoingia maji. Bondeni imo. Mwambie Bi Sidi hivyo.

Umeuliza kazi zenyewe zinakwendaje. Mashine haijui kitu mpaka uiwekee programu. Na kuna programu moja, tunaiita kisakinishi, ambayo kazi yake ni kuleta programu nyingine. Unaiandikia jina la unachotaka. Hicho hutegemea vingine, na hivyo vingine hutegemea vingine tena. Kisakinishi hukusanya vyote, kinahakikisha vinapatana, kinavipanga. Ni kama umtume mtu Marikiti akuletee mahitaji ya biriani, naye arudi na nyama, zafarani, vitunguu, na sufuria pia kama hunayo.

Kila mmoja wetu ana chumba chake cha programu humo ndani, avuruge chake. Kikundi kina kingine cha pamoja, nacho hakiguswi bila kumwuliza Bwana Jared.

Wiki hii kazi imesimama kidogo. Kuna kitu kimeharibika tangu Alhamisi na wanatafuta sababu. Si upande wangu. Sauti ilikuwa ya baridi tu. Niko salama. Visheti vilifika vizima. Niko salama.

Binti yako,
Ruweida


Bondeni
Jumamosi, 15 Februari

Ruweida,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimevaa miwani.

Kisakinishi nimekielewa. Nilimweleza Bi Sidi, akasema, "Kumbe ni hamali." Nikamwambia hamali hubeba alichopewa, huyu huangalia kama vitu vyapatana. Akauliza, "Na vikikosa kupatana?"  Nikamwambia kwa mwanangu vyote hupatana.

Sasa tuje kwetu mimi na wewe. Umeandika "niko salama" mara mbili, nami sikuuliza hata mara moja. Umeandika visheti vilifika vizima. Hukuandika vilikuwa vitamu. Vilifika vizima na bado ni vizima, hujala. Na hayo maneno "si upande wangu" yametoka wapi? Nani alisema ni upande wako?

Mimi sikusoma sana, mwanangu, lakini wewe nimekusoma miaka ishirini na minne. Niambie. Usipoandika kufikia Jumatano napanda basi mwenyewe, na wajua nikija nitaongea na kila mtu.

Mama


Nairobi
Jumanne, 18 Februari

Mama,

Ni mimi.

Alhamisi ile, tarehe sita, nilikuwa nataka kifaa kimoja kipya cha kuchora ramani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi niingie darasani. Nikakiandikia kisakinishi jina la kifaa. Kikanijibu kama kawaida yake: vitu arobaini na kimoja vitabadilishwa, saba vitaondolewa, je, niendelee? Halafu orodha ndefu. Sikuisoma. Nikajibu ndiyo, nikaenda darasani.

Sikuwa chumbani mwangu. Nilikuwa katika kile cha pamoja. Asubuhi nilikuwa nimeingia humo kusoma faili moja, nikasahau kutoka.

Vile saba vilivyoondolewa ndivyo vilivyokuwa vimebeba kazi ya Wendy. Wendy ni dada anayesomea shahada ya uzamifu. Hesabu zake zilikuwa zimekwenda siku kumi na tisa mfululizo, zilibaki mbili. Zilikatika. Bwana Jared alirudisha programu za zamani, lakini zile siku kumi na tisa hazirudi. Wendy alikuwa akabidhi kazi yake mwezi wa nne. Sasa hawezi.

Mbaya zaidi ni hili. Cha pamoja tunakiingia sote sita kwa jina moja la kikundi. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha jina la kikundi, hazionyeshi mtu. Na wiki ile zamu ya kukiangalia ilikuwa ya Crispus, mwenzetu wa kikundi. Wamemsimamisha. Anasema hakugusa kitu, na hakuna anayemwamini, kwa sababu ni mpole na anakubali haraka anapolaumiwa. Juzi alinikuta kwenye ngazi akaniambia, "Ruweida, labda niligusa nikasahau." Nikamwambia pole.

Mkutano ni Alhamisi ya tarehe ishirini na saba. Aliyefanya hivi anaweza kutolewa kwenye kikundi, na ufadhili wangu umefungwa na kikundi. Nikitolewa narudi nyumbani bila shahada. Miaka miwili, na yale yote uliyowaambia watu pale kibandani.

Usimwambie mtu. Nakuomba kwa Mungu. Nipe siku nifikiri.

Ruweida


Bondeni, Mombasa
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kwa Bwana Jared Ngowa,
Msimamizi wa Kompyuta ya Pamoja

Baada ya salamu nyingi za heshima. Hunijui. Mimi ni Mwanarusi, mama yake Ruweida, yule msichana wa Mombasa wa kikundi cha mafuriko. Bila shaka umemwona, maana hafichiki. Alikuwa wa kwanza shule ya msingi, wa kwanza sekondari, na mtihani wa taifa alipata alama ambazo mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa miguu kuniambia. Akiwa na miaka tisa alitengeneza redio ya babu yake kwa kisu cha siagi. Hajapata kuniibia wala kunitukana. Nayataja haya ili ujue ni mtu wa namna gani ninayemwombea.

Ni yeye aliyevuruga programu zenu tarehe sita. Hakukusudia. Aliulizwa aendelee ama asiendelee, akasema endelea bila kusoma, kwa haraka, na alikuwa chumba kisicho chake. Crispus hana kosa.

Jina lako la Ngowa ni la pwani, basi hili utalielewa. Kwetu mtoto akivunja chombo nyumba ya watu, mama hangoji kuitwa. Huenda kabla, sahani mkononi, akabisha hodi. Mwenye nyumba hula kimoja, maneno yakaisha. Na sasa Ramadhani i mlangoni, hatuingii mwezi ule tukiwa na kinyongo cha watu. Nairobi ni mbali kwa sahani, kwa hiyo nimetuma mkebe. Ni visheti vya nazi. Nusu ni vyako, nusu mpe Wendy na Crispus, uwaambie mama yake Ruweida awataka radhi.

Najua hajakwambia mwenyewe. Yuaogopa. Mtoto aogopapo, mama ndiye mdomo wake.

Wako kwa heshima,
Mwanarusi


Nairobi
Ijumaa, 21 Februari

Mama,

Nimeamua. Jana nilimwona Crispus amekaa nje ya chumba cha kompyuta, kadi yake haifungui mlango tena. Alikuwa anasubiri mtu atoke amwulize kama kuna habari.

Alhamisi nitasimama mbele yao wote niseme. Ningeweza kwenda kwa Bwana Jared leo, lakini miguu haijakubali, nami naona ni haki wasikie wote pamoja. Ninachokuomba ni kimoja tu. Usiseme kwa mtu yeyote, hata kwa nia njema. Nikitolewa, nitolewe. Ila nataka wakijua wawe wamejua kwa mdomo wangu. Nikitanguliwa na mwingine, sina tena kitu cha kuwapa.

Hilo tu ndilo lililobaki mkononi mwangu, mama. Nilindie.

Ruweida


Bondeni
Jumapili, 23 Februari

Bwana Jared,

Nakuandikia kwa haraka, usinicheke mwandiko.

Kama mkebe hujaufungua, usiufungue. Kama umeufungua, visheti kula, barua usisome. Kama umeisoma, basi nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa, uwe kama hukuisoma mpaka Alhamisi ipite. Mwanangu ataka kusema mwenyewe. Nami nimemtangulia bila kujua.

Nilikimbia mpaka kwa Abdulghafur na kanga moja begani. Akaniambia, "Bi Mwanarusi, mkebe wako ushapita Voi tangu jana, sasa hivi wanywa chai Nairobi." Hii naituma kwa basi la leo hii, na nimemwambia dereva ni dawa ya mgonjwa, Mungu anisamehe, maana si uongo mkubwa sana.

Tafadhali.

Mwanarusi


Nairobi
Ijumaa, 28 Februari

Mama, shikamoo.

Nimesema.

Nilisimama mbele ya watu kumi na wanne. Nikasema siku, saa, jina la kifaa, na kwamba orodha sikuisoma. Nikasema Crispus hakugusa. Hakuna aliyejua, mama. Niliona kwenye nyuso zao, hakuna hata mmoja aliyekuwa amenidhania. Sauti ilitoka.

Sijatolewa. Walitoka nje wakajadiliana nusu saa, na nusu saa ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Nimefungiwa kompyuta mpaka mwezi wa sita, kwa hiyo shahada itachelewa mpaka mwakani. Ufadhili umebaki. Muda huo wote namsaidia Wendy kuzianza upya hesabu zake. Wendy aliniambia, "Leo sikusamehe. Njoo Jumatatu saa mbili." Crispus amerudishiwa kadi. Alinipa mkono.

Bwana Jared hakuniuliza swali hata moja. Alikuwa akinitazama tu. Sikumwelewa.

Nina aibu, na nimepungua kilo mbili, lakini nakuambia kweli: tangu tarehe sita, jana ndiyo siku ya kwanza niliyokula nikashiba. Najua hungesema kitu. Nilijua naweza kukutegemea.

Ramadhani karim, mama.

Ruweida


Nairobi
Ijumaa, 28 Februari 2025

Bi Mwanarusi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mtu wa pwani kweli, wa Kaloleni, na habari ya sahani naijua. Mama yangu alizibeba nyingi kwa ajili yangu.

Mkebe ulifika Jumatatu asubuhi, nikasoma ya kwanza. Ya pili ikafika Jumanne. Kwa hiyo nilijua siku tatu kabla ya mkutano, na siku hizo tatu nilimwacha Crispus akae nje ya mlango akiwa hana kosa. Nilimngojea binti yako. Crispus nimemwomba radhi kwa hilo, nikamwambia nilikuwa na sababu, sikumtajia sababu yenyewe.

Sitakuficha kitu. Binti yako hakusimama upesi. Mkutano ulikwenda saa nzima. Wenzangu walikuwa wameandika karatasi ya kukiri, wakampa Crispus atie sahihi, na kijana wa watu akachukua kalamu. Nami nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni ilipo barua yako. Hapo ndipo Ruweida aliposimama. Mkono nikautoa mtupu.

Hajui kwamba nilijua, na mtu mwingine hajui. Barua zako zote mbili narudisha humu ndani. La kufanya nazo unalijua wewe.

Visheti sikuvigawa, kwa kuwa ningeulizwa vimetoka wapi. Nimevila peke yangu, na kwa hilo nakuomba radhi.

Jared Ngowa


Bondeni, Mombasa
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwanangu Ruweida,

Asalaam aleikum, na funga njema. Jana nilifunga ya kwanza, na wewe hukuwepo kuniuliza futari ina nini.

Barua yako ilinifurahisha mpaka nikakaa chini. Kisha nikafika pale ulipoandika wajua nisingesema kitu. Mwanangu, kipande kile sikuweza kukisoma mara ya pili.

Nilisema. Tarehe ishirini na moja nilimwandikia Bwana Jared. Barua yako ya kuniomba ninyamaze ilikuwa bado njiani, lakini ile ya tarehe kumi na nane ilikuwa nami mezani, nayo ilisema usimwambie mtu, nakuomba kwa Mungu. Kwa hiyo sina pa kujificha. Nilifikiri nakwenda kubisha hodi kwa ajili yako. Sikufikiri kwamba wewe umeshakuwa mtu wa kubisha mwenyewe. Humu ndani mna barua zangu zote mbili, karudisha. Soma kila neno. Ile ya kwanza imejaa sifa zako, ruka ukitaka.

Bwana Jared alijua tangu Jumatatu kabla ya mkutano. Wengine wote hawakujua, kama ulivyoona nyusoni mwao, na hakuna aliyekusukuma. Yeye barua yangu aliinyamazia mfukoni. Kusimama ulisimama kwa miguu yako.

Ila nawe una lako. Uliniandikia ulisimama, hukuniandikia lini. Mimi naambiwa Crispus alikuwa ameshashika kalamu. Silisemi ili tuwe sawa, langu ni kubwa zaidi. Nalisema kwa sababu nimechoka sisi wawili kuandikiana barua zenye mashimo.

Nimewaza siku mbili kama nikutumie hizi ama nizichome jikoni, wewe ubaki na furaha yako na mimi nibaki mama wa kutegemewa. Moto ulikuwa tayari, na jungu la uji juu yake. Nikaona nitafungaje mwezi mzima na hizi tumboni. Basi hizi hapa. Ukinikasirikia una haki, nami sitajitetea tena baada ya mstari huu.

Kibandani sijasema habari zako tangu Jumatatu iliyopita. Bi Sidi aliniuliza kama naumwa. Alisema, "Mwanarusi, mtu anunua muhogo aondoka na muhogo mtupu, kuna nini?" Nikamwambia mdomo umefunga kabla ya mwezi. Hakuniamini. Anangoja, na Caroline anangoja, na yule mzee wa pilipili naye kaja kuuliza.

Sitawaambia neno mpaka uniruhusu. Naandika kwa mkono wangu na natia sahihi.

Mama yako,
Mwanarusi binti Gunga


Nairobi
Jumamosi, 8 Machi

Mama,

Nimezisoma zote mbili. Ile ya kwanza nimeisoma mara nne. Nimehesabu: sifa mistari minane, kosa mistari mitatu. Kisu cha siagi ilikuwa lazima?

Nilikasirika. Bado. Nilikuwa na kitu kimoja nilichodhani ni changu peke yangu, kumbe mtu alikuwa amekikalia mbele yangu akinitazama kama nitakiokota. Jumatano nilikwenda ofisini kwake nikamwambia najua. Akanivutia kiti nikae. Kisha akaniuliza vile visheti vinatiwa iliki au la.

Usiniombee radhi tena kabla hujaniuliza. Hata nikiwa na miaka hamsini.

Wiki hii usingoje simu yangu, mama. Wiki ijayo ngoja.

Wendy tumekaa naye siku tano. Hesabu zimeanza tena jana asubuhi. Anataka nisome kwa sauti kila kitu kinachobadilishwa, kimoja kimoja, naye anasikiliza amefumba macho. Hajanisamehe. Jana alinisogezea kiti.

Kuhusu Bi Sidi, mwambie. Mwambie na mzee wa pilipili, na kila mwenye muhogo mkononi. Ila ukifika pale niliposimama, usinisimamishe mapema. Waambie Crispus alikuwa ameshika kalamu.

Ruweida